Mawe Yasiyovutwa na Sumaku

Mwavita hakuwa mjane, na ole wako umwite mjane. Majirani zake wa Kasuku, mjini Kindu, walijifunza hilo kwa gharama: mmoja alimwagiwa maji ya kuoshea sombe, yale majani ya muhogo, mwingine hakuitikiwa salamu mpaka Ramadhani mbili zikapita. Mume wake, Idrissa, aliondoka nyumbani asubuhi moja ya mwaka 2002, mwaka wa vita, akavuka mto kwenda ng'ambo ya Alunguli kutafuta muhogo, na hakurudi. Hakuna aliyeiona maiti yake. Hakuna aliyeleta habari. Basi Mwavita akaamua, na mwanamke huyu akishaamua jambo unaweza kumpigia magoti mpaka yachubuke, kwamba hatakaa eda mpaka atokee mtu mwenye macho na mdomo wa kumwambia, "Nilimwona Idrissa akifa." Mpaka siku hiyo yeye ni mke wa mtu.

Na eda si jambo dogo kwa Waislamu wa Maniema. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani, hajipambi, hatoki ovyo, anamlilia marehemu kwa utaratibu ambao hata Wakristo wa mtaa wanauheshimu. Muda ukiisha, wanawake wenzake humwogesha, humvisha nguo mpya, na kuanzia hapo hakuna wa kumwuliza kitu. Mwavita aliwaona dada zake wakiingia eda na kutoka. Aliwaona wakirudi sokoni na nyuso zilizopumzika. Yeye hakuingia, kwa hiyo hakutoka.

Kazi yake ilikuwa kusafisha kasiterite, ule mchanga mzito mweusi wenye bati unaochimbwa Kalima na vijiji vya Pangi. Mchanga ukifika depo, ghala la wanunuzi mjini, huwa umechanganyika na takataka za kila namna, na mnunuzi hana haya, atautazama kwa jicho moja na kuukataa. Ndipo wanawake wanapoitwa. Wanaketi chini, miguu wameinyoosha, wanaumwaga mchanga kwenye sinia, wanapitisha sumaku juu yake polepole. Chembe za chuma zinaruka na kuning'inia, bati linabaki. Sumaku ya Mwavita ilitolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, na ilikaa daima ndani ya kifuko cha kitambaa. Sumaku tupu ni ya mjinga: chuma kikishaing'ang'ania utakikwangua mpaka kesho. Lakini ikiwa ndani ya kifuko, unaitoa tu, na chuma chote kinaanguka chenyewe.

Kifuko hicho alikishona Idrissa. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa mzaha, mwembamba, mwenye mishono midogo iliyonyooka ambayo wanawake wa mtaa waliipenda kuliko walivyompenda yeye. Alikikata kwenye kipande kilichobaki cha kitenge cha mkewe, cha manjano, chenye majani ya kijani.

Kulikuwa pia na mawe fulani ambayo hayakuwa bati wala sumaku haikuyataka. Vijiwe vyeusi tu, lakini ukivikwaruza kwenye kigae vinaacha mstari mwekundu. Wanawake waliviokota kwa mkono na kuvitupa nje ya depo. Binti wa Mwavita, Falone (jina hilo alilichagua baba yake baada ya kulisikia redioni, na hakuna aliyeweza kumbadilisha mawazo), alivikusanya na kuchorea navyo ukutani, akachapwa kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja.

Halafu mji ukazingirwa. Askari walioushika mji walikaa ndani, vijana wa msituni walikaa nje, na raia walikaa katikati kama pilipili kwenye kinu. Ukitoka mjini kwenda shambani, askari walisema unampelekea adui habari. Ukirudi, walisema umetumwa. Na kule msituni walisema maneno yaleyale, wakigeuza majina tu. Treni haikuja, boti hazikuja, chumvi ikawa kitu cha kulambishana kwa ncha ya kidole. Hakuna aliyeshona nguo wala aliyenunua bati. Watoto wakaanza kuvimba miguu.

Idrissa akasema atavuka. Ng'ambo, mbele ya Alunguli, alikuwa na binamu, Ramazani, mwenye shamba la muhogo ambaye pia alichimba kidogokidogo.

"Beba na sumaku yangu," Mwavita alimwambia. Falone alikuwa ameenda kuteka maji, na hakukuwa na mtu mwingine ndani.

"Ya kufanya nini? Niko naenda kutafuta mihogo, siko naenda kazini."

"Ramazani iko na mchanga haujasafishwa. Umusafishie, atakupa mihogo na moyo wote. Ukienda mikono mitupu utarudi na salamu."

"Mwavita, iko nzito."

"Hata mutoto wako iko muzito, na unamubebaka."

Idrissa akacheka. Akaitia sumaku mfukoni pamoja na kifuko chake, suruali ikaning'inia upande mmoja, akaondoka akiivuta juu kila hatua. Mwavita alimcheka mgongoni. Kwa muda mrefu baadaye jambo lililomuumiza kuliko mengine ni kwamba alikuwa amecheka.

Vita vikaisha, au walau vilisemwa kuwa vimeisha. Watu wengi waliopotea walirudi, wamekonda, wengine na watoto waliowapata huko walikokuwa. Mume wa mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alitokea akiwa hai baada ya kuliliwa na kusomewa hitima. Jambo hilo lilimharibu Mwavita kabisa. Kaka zake walipokuja na mbuzi na shehe ili Idrissa naye asomewe, aliwafukuza na mbuzi wao. Ramazani, yule binamu, alikwisha kukimbilia mbali na kufia huko, kwa hiyo hata wa kuulizwa hakuwepo. Tena kulikuwa na mzee Asumani, mlinzi wa depo, mgane mwenye heshima zake, ambaye kila Ijumaa alimletea mchele wa shamba lake bila kusema neno. Siku aliyojipa moyo akasema neno, Mwavita alimjibu kwa upole, ambao kwake ulikuwa kitu adimu, "Baba Asumani, Idrissa akirudi akukute hapa, utamwambia nini?" Mzee alifikiri, na Ijumaa iliyofuata akaleta mchele kama kawaida.

Kuhusu sumaku hakumwambia mtu. Si kaka zake, si Falone. Hakujua kwa nini. Alitafuta nyingine, akaishonea kifuko kwa mishono yake mibovu, akarudi depo.

Falone akakua. Akili zake zilimpeleka Kisangani kusoma fizikia, fani ambayo Mwavita aliwafasiria majirani kuwa ni mambo ya umeme. Kutoka Kisangani akapata nafasi Ujerumani, akapotelea kwenye baridi na vyumba vyeupe. Alipiga simu kila Jumapili. Na Jumapili moja akapiga akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani.

"Mama, munakumbuka vile vijiwe mulikuwaka munatupa? Vyeusi, vya kuchora mustari mwekundu?"

"Vile sumaku inakataa."

"Ndiyo, njo hivyo! Njo kazi yangu sasa. Niko napiga picha ya sumaku yenye iko ndani yavyo."

Mwavita alifikiri simu ina makelele. Ilibidi Falone aanze upya, polepole, kama anavyopaswa kufanya mtu yeyote anayezungumza na mama yake. Ndani ya sumaku ya kawaida, alisema, mna visumaku vidogo visivyohesabika, na vyote vinatazama upande mmoja. Nguvu zao zinajumlishana, ndiyo maana unazisikia mkononi. Ndani ya kijiwe kile navyo vimo. Lakini kila kimoja kinatazama kinyume cha jirani yake. Huyu anavuta huku, mwenzake anavuta kule, na hakuna anayemshinda mwenziwe. Kwa nje unapata bure. Sumaku ya mkononi haioni kitu.

"Basi hakuna kitu," Mwavita alisema.

"Kiko, mama. Tena kimejipanga vizuri kuliko chuma. Ni vile tu hakitoi alama inje."

Kisha akamtumia picha. Mwavita alivaa miwani, akaitazama simu kwa mbali na kwa karibu. Aliona kitu kama mashamba ya mpunga yaliyopakana, mengine meupe, mengine meusi, yenye mipaka iliyopindapinda. Kila shamba, Falone alimweleza, ni eneo ambalo visumaku vyake, ingawa vinapingana, vimelala kwenye mstari mmoja, na shamba la jirani vimelala kwenye mstari mwingine. Ili kuvipiga picha wanaliweka jiwe ndani ya pipa la chuma, wananyonya hewa yote, kwa sababu hata pumzi ya mtu ingeuchafua uso wa jiwe. Wanalimulika kwa mwanga usioonekana na jicho. Mwanga unarusha elektroni, vile vidude vidogo vya umeme, kutoka kwenye ngozi ya jiwe, ngozi ya juu kabisa, na hadubini inazikusanya elektroni hizo kuwa picha. Wakiugeuza mwanga, mashamba meupe yanakuwa meusi na meusi yanakuwa meupe. Hapo ndipo wanapojua kwamba si uchafu wala rangi, ni mpangilio wa ndani unaojitokeza.

"Na hii mipaka, nani aliweka?"

"Inajiwekaka yenyewe. Wakati jiwe lilikuwa linapoa zamani, kila upande ulijichagulia."

Mwavita alipitisha kidole juu ya mpaka mmoja. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Falone hakuitilia maanani, "Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa kiko, sumaku isikione, watu wote wasikione, na kiko tu?"

"Eeh, mama. Njo hivyo kabisa."

Falone alijibu kuhusu mawe. Mama yake alikuwa ameuliza kuhusu mtu. Kuanzia Jumapili ile Mwavita alikuwa na jibu kwa kila aliyemwambia kuwa kukosekana kwa habari ni habari tosha. Aliitoa simu, akaonyesha mashamba yake meupe na meusi, akasema mtoto wake, msomi, huko Ulaya, ameona kwa mashine kwamba kitu kinaweza kuwepo bila kutoa alama. Watu walitazama picha, wakatazamana, wakaondoka. Mzee Asumani alitazama kuliko wote, akasema ni picha nzuri sana.

Habari za matumizi hayo ya hadubini zilimfikia Falone alipokuja likizo mwaka huu, mara yake ya kwanza nyumbani tangu aondoke. Zilimkata maini. Alimkalisha mama yake jikoni, akajaribu kuyarudisha maneno yake.

"Mama, jiwe njo jiwe. Siyo muntu. Muntu akiwa hai miaka yote hii, anatafutaka njia ya kusema niko hapa."

"Ulimuona akikufa?"

"Hapana."

"Basi na weye nyamaza. Wewe njo ulisema kitu kinaweza kuwa kiko bila alama."

Falone alilia mbele ya sufuria. Mwavita alikoroga bugali. Alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi yake, lakini hakuwa tayari kuwa mjane kwa sababu ya hoja tu, hata iwe ya msomi.

Mkuu wa shule moja ya sekondari ya Kasuku, prefe kama anavyoitwa huku, alimwomba Falone aje azungumze na wanafunzi kuhusu kazi yake. Siku ya Jumamosi sali, yaani ukumbi wa shule, ilijaa. Jenereta ilinguruma nje, ukuta ukapakwa mwanga, na mashamba yale meupe na meusi yakaonekana makubwa kuliko mlango. Mwavita aliketi mbele, amevaa kitenge kipya, kidevu juu, akiwa tayari kumkodolea macho yeyote atakayesinzia. Falone alikuwa hodari. Aliwapa wanafunzi sumaku na sinia la mchanga, akawaacha wajaribu wenyewe, wacheke, wachafuke. Alieleza jinsi visumaku vinavyopingana jirani kwa jirani. Hakuna aliyesinzia.

Mwishoni akaomba maswali. Wanafunzi wawili watatu waliuliza ya Ujerumani: baridi, chakula, viza. Halafu nyuma, karibu na dirisha, akasimama mtu mzima. Alikuwa Kalume, seremala wa Alunguli, aliyekuja asubuhi ile kurekebisha madawati na kubaki kusikiliza. Mwavita hakuwahi kumwona.

"Miye niko na swali," alisema. "Sumaku, muntu akiitia mu mufuko, inaweza kuita risasi?"

"Kuita namna gani, baba?"

"Risasi imepigwa kule mbali. Iache njia yake, ikuje pale sumaku iko. Ipige watu wenye wako pale."

Sali nzima ikacheka. Prefe akagonga meza. Falone hakucheka, kwa kuwa swali lolote lilikuwa chakula kwake. Aliweka msumari mdogo mezani, akausogezea sumaku, msumari ukaruka. Akauweka tena, akaishika sumaku umbali wa mkono. Msumari ukalala.

"Munaona? Nguvu ya sumaku inakufa mbio sana ukiipeleka mbali. Msumari umelala kimya na haiwezi kuuamusha. Risasi yenye inakimbia vile itaikamata wapi? Haiwezi, baba. Hata mukiweka sumaku gunia nzima."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata kama ilikamata bunduki yenyewe mbele ya watu wote? Ka! Inagandama?"

"Kukamata bunduki ni kazi yake, juu bunduki ni chuma na iko karibu. Kuita risasi, hapana. Mwenye aliwaambia vile hakujua kitu."

Lilikuwa jibu zuri, wazi, la kitaalamu. Wanafunzi walipiga makofi. Kalume alibaki amesimama kama mtu ambaye bado anangojea kujibiwa, kisha akaketi, akavua kofia, akajifunika nayo uso.

Mwavita alikuwa amegeuka kumtazama. Makofi yalikuwa bado yakiendelea. Sumaku mfukoni. Mara ngapi katika nchi hii mtu ametia sumaku mfukoni? Aliinuka, akapita katikati ya madawati bila kuomba njia, lakini alipofika nyuma Kalume alikuwa ameshatoka. Alimkuta uani, karibu na matofali yaliyopangwa, mgongo wake kwenye jua.

"Huyo muntu wa sumaku," Mwavita alisema. "Ni nani?"

"Sikujua jina yake, mama."

"Ile sumaku ilikuwa tupu, ao ilikuwa imefungwa?"

Kalume alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa mu kafuko. Kitambaa cha manjano, na majani. Kamushono kazuri sana, hata miye nilishangaa."

Mwavita aliketi juu ya matofali. Kalume naye akachuchumaa mbele yake, kwa sababu hakuthubutu kusimama juu ya mwanamke huyu, wala hakuthubutu kukimbia.

Alisema wakati ule alikuwa mmoja wa vijana wa msituni. Kabla ya kupigana walinyunyiziwa maji yenye dawa, na wote waliamini, yeye akiwa wa kwanza, kwamba risasi zitawapita. Jana yake wenzao wawili walikuwa wameuawa wakiwa bado wameloa maji hayo. Mkubwa wa dawa alisema kuna mtu anayeiharibu, na atafutwe. Siku hiyo akatokea mtu na kikapu, anatoka upande wa mji. Wakampekua. Mkubwa akakisogeza kile kifuko kwenye bunduki kutazama ni nini, kikaruka mkononi mwake na kuganda kwenye chuma, ka! Wote wakarukia nyuma.

"Tulisema, kama inavuta bunduki, je, risasi? Tukasema mji umemutuma alete risasi kwetu."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema ni ya muke wake. Ni ya kusafishia mchanga. Alisema vile mara nyingi. Sisi tulicheka."

"Alilia?"

"Hapana. Aliomba maji atawaze, apate kusali. Tulimunyima, juu tulikuwa tunaogopa atagusa maji yetu."

Mwavita alitikisa kichwa polepole, kana kwamba jambo hili moja, hili la maji, ndilo lililokuwa limezidi.

"Nani alipiga?"

"Tulikuwa wengi, mama." Aliikunja kofia yake. "Nilikuwa mumoja wao. Na miye njo nilichimba. Nilimulaza, sikujua nyinyi Waislamu munalazaka watu wenu upande gani. Mama, miaka yote nilikuwa najiambia, pengine ilikuwa inaita risasi kweli. Pengine tulijikinga tu. Leo mutoto wenu amesema hapana."

"Ile sumaku nilimupa miye," Mwavita alisema. "Hakuitaka. Alisema iko nzito."

Walikaa hivyo, yeye kwenye matofali na seremala chini mbele yake, mpaka Falone alipotoka kuwatafuta, bado ana tabasamu la makofi usoni. Mwavita hakumlaani Kalume wala hakumsamehe. Alimwambia tu aelekeze mahali. Kalume akaelekeza: kijito, njia ya zamani, shamba ambalo sasa ni la michikichi. Kisha Mwavita akamshika binti yake mkono, na njiani akamwambia yote, pamoja na ya sumaku. Falone alisimama katikati ya barabara, akasema, "Na miye nilimujibu mbele ya watu. Nilifurahi hata." Pikipiki ziliwapigia honi pande zote mbili. Mama yake akamvuta pembeni.

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Mwavita alitaka kumwona shehe. Alikuwa akijiandaa kwa siku hii kuliko alivyowahi kukiri: nguo nyeupe zilikuwa kwenye sanduku, chumba alikuwa amekichagua, hata kazi za depo alikuwa na mtu wa kumwachia. Atakaa eda ya Idrissa kama inavyopasa. Atamlilia kwa utaratibu. Atatoka humo siku moja, ataogeshwa, na uso wake nao utapumzika. Kitu hicho tu ndicho alichokuwa amebakiwa nacho, na alikitaka kwa nguvu ambayo ilimshangaza.

Shehe alikuwa mtu mzima, mpole, aliyezaliwa Kasongo. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Akasoma dua. Kisha akauliza, "Alikufa mwaka gani?"

"Mwaka ule wa kuzingirwa. Ninataka kuanza leo."

"Mama Mwavita, eda inahesabiwa toka siku ya kifo, siyo toka siku ya habari. Yenu ilianza siku ileile alipokufa. Ilianza, ikaisha. Hakuna eda yenye imebaki ya kukaa."

"Ilikwisha?"

"Ilikwisha zamani sana."

"Nikiwa wapi?"

Shehe alikuwa amesoma vitabu vingi, na alichokisema ndicho kilichomo ndani yake, huwezi kumlaumu. Lakini kwa swali hilo hakuwa na kitabu. Alisema watasoma hitima, watamwombea Idrissa, na kwamba Mungu anajua jinsi alivyongoja. Mwavita alimshukuru, akavaa viatu vyake mlangoni, kulia na kushoto akavichanganya, na Falone ndiye aliyeinama kuvibadilisha.

Alipofika nyumbani aliingia chumbani mchana kweupe, akajilaza na kitenge chake kipya. Alifikiri atalala. Badala yake sauti ikatoka. Haikuwa kubwa mwanzoni. Alimwita Idrissa kwa jina, kama unavyomwita mtu aliye uani, halafu akamwita tena, na mara ya tatu sauti ikapasuka na hakuweza tena kuizuia. Alilia suruali iliyoning'inia upande mmoja. Alilia maji aliyonyimwa. Alilia eda iliyopita mlangoni kwake bila kubisha, siku zile alizokuwa akipika, akisafisha mchanga, akigombana na majirani, mjane mzima asiyejijua.

Majirani wakaja mbio. Wa kwanza alikuwa Odette, Mkatoliki wa nyumba ya pili, mwiko bado mkononi, na nyuma yake wanawake wengine wakifunga vitambaa vichwani huku wakikimbia. Falone alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani amekufa?" Odette aliuliza.

"Baba. Baba Idrissa."

Hakukuwa na mtu mtaani ambaye hakuwa amejua hilo tangu Falone akiwa mtoto. Lakini kuna swali ambalo kila anayefika kwenye msiba hulazimika kuliuliza, na Odette akaliuliza.

"Lini?"

Falone, ambaye kazini hasemi kitu mpaka akihakikishe mara mbili, hakufikiri hata kidogo.

"Leo," alisema.

Mwavita alilisikia jibu hilo kutoka kitandani, akaona mtoto amesema sawa. Wanawake wakavua viatu, wakatoa viti nje, wakatandika mikeka, wakaingia kulia naye.